Pampu ya korona inakula uniti 15,000 kwa mwezi. Nianzie wapi?

Fundi wa Korona, Muheza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Mimi ni fundi wa zamu kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Muheza, huu mwaka wa 7. Kuna pampu moja inaninyima usingizi, naomba tuijadili.

Wasioujua mkonge niwaeleze kidogo. Majani yakitoka shambani yanaingia kwenye korona, ile mashine inayaponda na kuyakwangua mpaka zibaki singa, yaani nyuzi. Katika kilo 100 za majani, singa ni kilo 4 hivi. Kilichobaki chote, nyama ya kijani na utomvu wake, kinasombwa na maji. Maji yakikatika korona inaziba, na singa zinatoka na uchafu ambao zikishakauka hautoki tena, daraja linashuka. Ndiyo maana hapa kwetu pampu ya maji haizimwi mpaka zamu iishe. Saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Pampu iko mtoni. Kibao chake kinasema mita za ujazo 250 kwa saa, hedi (kimo ambacho pampu inaweza kusukumia maji) mita 60, mota kilowati 75, mizunguko 1,480. Kutoka usoni mwa mto hadi mdomo wa tangi ni mita 24 kwenda juu, bomba la chuma la inchi 8, urefu mita 900. Nilivyoikuta ndivyo ilivyo, na aliyeichagua hayupo tena kiwandani wa kumuuliza.

Sasa kuna hii geti valvu ya kutolea maji. Imefungwa karibu yote. Gurudumu lake lina alama ya rangi nyekundu, na kila fundi anayepokea zamu anaambiwa neno moja: usiguse. Ukiifungua, tangi linafurika, maji yanarudi mtoni kwa mfereji, na amp zinapanda kupita 115. Ukiiacha kwenye alama, mambo yanakwenda. Lakini ukiweka kiganja juu yake unasikia inatetemeka mwili mzima na ndani inapiga mluzi. Miaka 7 nausikia huo mluzi.

Mwezi uliopita bosi aliniita, bili ya TANESCO iko mezani. Nikaenda na klampu mita, kile kipimo cha kubana waya: amp 98, volti 400, pawa fakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) 0.86. Inakuja kilowati 58 na kidogo. Kwa saa 260 ni uniti 15,000 na ushei. Kwenye bili yetu uniti ni shilingi 195 kabla ya kodi, kwa hiyo pampu hii peke yake inakula karibu milioni 3 kila mwezi.

Amekuja muuzaji wa VFD, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota. Anasema tuiendeshe pampu kwa hezi 30 badala ya 50, umeme utashuka kwa asilimia 78. Bosi yuko tayari kusaini. Mimi moyo wangu haujatulia na sina hoja ya kumpa. Naombeni msaada kabla ya mwisho wa mwezi.

Umeme Ngamiani

Salama kaka. VFD ni kitu kizuri na mimi nimezifunga kadhaa hapa mjini. Hesabu ya huyo muuzaji haikutoka hewani. Kwenye pampu za aina hii maji yanafuata kasi, hedi inafuata kasi mara kasi, umeme unafuata kasi mara kasi mara kasi. Ukishusha kasi hadi asilimia 80, umeme unabaki nusu hivi. Hezi 30 ni asilimia 60 ya kasi, 0.6 mara 0.6 mara 0.6 ni 0.216, ndiyo hiyo 78 yake.

Nina mambo mawili tu. Kwanza, kifaa hicho hakipendi joto wala vumbi. Kibanda cha pampu mtoni kina unyevu, kiwandani kuna vumbi la singa, na huku kwetu Tanga mjini unaongeza chumvi ya bahari. Mkikifunga, kabati liwe na feni na chujio, na mtu wa kulisafisha chujio. Nimeshaona kimoja kimekufa ndani ya mwaka kwa sababu feni iliziba na hakuna aliyefungua mlango.

Pili, asije mtu akakuuzia kapasita akakwambia zitapunguza uniti. Kapasita zinarekebisha pawa fakta, zinakusaidia kwenye ule mstari wa KVA katika bili, siyo kwenye uniti. Na softi stata ni ya kuwashia tu, mota ikishakaa kwenye kasi haina inachookoa.

Binti wa Mto Zigi

Kaka wa Muheza, moyo wako una haki kutotulia. Kazi yangu ni pampu za maji, na hiyo hezi 30 nimeiona ikiuzwa mahali pengi.

Kanuni aliyoieleza kaka wa Ngamiani ni ya kweli kwa pampu yenyewe. Lakini pampu yako ina mlima mbele yake. Mita 24 hizo zipo hata kama hakuna tone linalotembea bombani. Geji ya presha ya pampu inasoma ngapi kabla ya valvu? Tuseme pampu yako valvu ikifungwa kabisa inasukuma hedi ya mita 66 kwa kasi kamili. Kwa asilimia 60 ya kasi, hedi inashuka hadi 0.36 ya hiyo, yaani mita 23.8. Mto hadi tangi ni 24. Maana yake pampu itazunguka vizuri, itasoma umeme kidogo sana kama alivyoahidiwa bosi, na tangini hakitaingia kitu. Maji yaleyale yatakorogwa ndani ya nyumba ya pampu mpaka yapate moto.

Kwa hiyo usisaini bado. Naomba namba nne: geji kabla ya valvu, geji baada ya valvu, pampu iko juu ya maji kwa mita ngapi, na maji halisi yanayofika kwa saa. Usinipe namba ya kibao, kibao kinaeleza pampu ilipokuwa mpya.

Fundi wa Korona, Muheza

Asante sana dada. Hiyo ya mita 23.8 nimeisoma mara tatu, kisha nikampelekea bosi simu aisome mwenyewe. Amesimamisha kusaini.

Namba nimepata Jumapili, korona zimelala. Hatuna mita ya maji, nikatumia tangi. Lina mita 5 kwa 6, maana yake mita za mraba 30. Nilichukua ufito wa mwanzi, nikaupaka chaki, nikausimamisha ukutani kwa ndani na kijana wangu akashika simu ya kuhesabu dakika. Valvu ikiwa kwenye alama yake nyekundu, maji yamepanda sentimita 9 kwa dakika. Tulirudia mara tano, kila mara 9. Hiyo ni mita za ujazo 2.7 kwa dakika, 162 kwa saa.

Valvu nikaifunga kabisa kwa sekunde chache, geji ya pampu ikapanda hadi ba 6.3 ikasimama hapo (ba ni kipimo cha presha, ba 1 ni kama mita 10 za hedi). Nikarudisha kwenye alama, ikasoma ba 5.8. Upande wa pili wa valvu hapakuwa na geji, nikatoboa na kufunga moja: ba 3.1. Pampu iko mita 3 juu ya mto.

Niliposimama kati ya zile geji mbili, moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, ndipo nilipoelewa ule mluzi. Ba 2.7 zinapotelea kwenye kipande cha chuma nilichoweza kukikumbatia. Mita 27 za hedi! Tunalipa kupandisha maji mlima mwingine mkubwa kuliko wa kwetu, kisha tunaumwaga papo hapo.

Binti wa Mto Zigi

Kazi safi kaka, wengi hawafiki hapo. Na ba 6.3 na mita zako 3 zinakuja mita 66, kwa hiyo ile ya hezi 30 haikuwa kukisia tena.

Tukokotoe. Maji kwa saa mara hedi, gawa kwa 367 (namba ya kubadili vipimo tu), unapata kilowati ambazo maji yenyewe yamepokea. Pampu inatoa ba 5.8, mita 58, ongeza 3 za kuvuta, 61. Maji 162 mara 61 gawa 367, karibu kilowati 27. Umeme unaoingia ni 58. Kwa hiyo pampu na mota pamoja zinafikisha chini ya nusu, kwa sababu pampu inafanya kazi mbali na mahali ilipoundwa kufanyia, na bila shaka wea ringi, zile pete za ndani zinazozuia maji yasirudi nyuma, zimelika kwa mchanga wa mto.

Sasa baada ya valvu: mita 31 na 3, jumla 34. Ishirini na nne ni mlima, 10 ni msuguano wa bomba. Hapo kilowati za maji ni 15. Umeingiza 58 ukapata 15. Kila mita ya ujazo inayofika tangini inakula uniti 0.36. Shika hiyo namba kuliko asilimia zozote utakazoambiwa na muuzaji, maana asilimia haikuambii ni ya nini.

VFD kwenye pampu hii, valvu ikafunguliwa yote, ingekaa kwenye hezi 38 au 39 na ingekuletea karibu nusu ya umeme wa sasa. Siyo haba. Ila swali langu ni hili: mahitaji yako yanabadilika? Korona zinataka maji yaleyale kila saa, na tangi lipo la kupokea. VFD inalipa pale maji yanapotakiwa mengi asubuhi na machache mchana. Kwako naona pampu ndogo inayolingana na kazi: 162 kwa mita 34, mota ya kilowati 22, umeme kama 21. Unaokoa kilowati 37 badala ya 29 za VFD, na mtoni hakuna kabati la kielektroniki la kulinda.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba wanangu wote. Nimefanya kazi ya pampu viwandani zaidi ya miaka 30, nimestaafu, lakini mada hii imenitoa kwenye baraza.

Binti amesema kweli tupu. Mimi naongeza moja, na naomba mwanangu wa Muheza ulishike kabla hujanunua hata boliti. Hiyo 162, nani kasema korona zinaitaka? Umepima maji pampu inayotoa. Hujapima maji korona zinayotumia. Sisi mafundi wa pampu tuna ugonjwa wa kuanzia mtoni. Anzia kule maji yanakoishia, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mota.

Zima pampu dakika 10 korona zikiwa kazini, utazame tangi linashuka kwa kasi gani. Kisha panda kwenye korona uangalie yale mabomba ya kunyunyizia. Matundu yake yalitobolewa kwa kipimo. Maji ya mto yana mchanga, mchanga unakula chuma. Tundu la milimita 6 likifika 9 linapitisha maji zaidi ya mara mbili kwa presha ileile, na singa hazisafiki zaidi, maji yanapita pembeni tu.

Nalisema kwa uchungu. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi tulibadilisha pampu mara tatu, kila mara kubwa kuliko iliyotangulia, kwa sababu maji "hayatoshi". Siku tuliyofukua bomba tukakuta kiungo kimepasuka chini ya sakafu, maji yanaingia ardhini usiku na mchana. Pampu zote zile tulikuwa tunamwagilia udongo.

Na mdomo wa kuvutia umeutazama lini? Pampu ikilia kama kokoto kwenye sufuria, chujio limeziba majani. Hiyo inakula impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji.

Bomba lenu la inchi 8 liacheni, ni mali. Lingekuwa la inchi 6, msuguano ungekuwa mara 4 na mngelilia kila mwezi.

Fundi wa Korona, Muheza

Shikamoo mzee wangu. Nimechelewa kurudi, wiki tatu, kwa sababu nilitaka nirudi na namba.

Pampu ilipozimwa na korona zinapiga kazi, tangi lilishuka sentimita 8 kwa dakika. Ni mita za ujazo 144 kwa saa. Kwa hiyo hata kwenye ile alama nyekundu tulikuwa tunapandisha 18 za ziada, zinatoka kwa bomba la kufurikia na kurudi mtoni. Nilikuwa naupita ule mfereji kila siku nikidhani ni maji ya korona.

Kisha nikapanda kwenye mabomba ya kunyunyizia. Sikuwa na kipimo cha matundu, nikachukua ncha za keekee na kuzijaribu moja moja. Ya 6 ilitumbukia ikapotea. Ya 7 ikacheza. Ya 8 ikacheza. Ya 9 ndiyo iliyokaza, na matundu mengine hayakuwa hata mviringo, yamekuwa kama tundu la funguo. Nilikaa pale juu na keekee mkononi nikatazama safu nzima, tundu 40 na kitu kila bomba, nikasema mzee ameiona hii akiwa barazani kwake Chumbageni.

Tulitengeneza mabomba mapya kwenye karakana yetu wenyewe. Gharama ilikuwa bomba, vichwa vipya vya keekee na siku mbili za mchomeleaji. Yaliyolika zaidi ndiyo tuliyobadilisha. Msimamizi wa ubora alikuja na wasiwasi, akashika singa, akazipeleka juani, kesho yake akasema rangi ni ileile. Tangi sasa linashuka sentimita 6 na nusu: 117 kwa saa.

Chujio mtoni lilikuwa limevaa majani, mizizi na kipande cha gunia. Kokoto zilikuwepo kweli mzee, nilikuwa nimezizoea nikaziita sauti ya pampu. Zimenyamaza.

Dada wa Zigi, nikokotolee tena tafadhali, kwa 120.

Binti wa Mto Zigi

Kwa furaha kaka. Msuguano unafuata maji mara maji: 120 kwa 162 ni 0.74, mara yenyewe 0.55, kwa hiyo mita 10 zinakuwa 5 na nusu. Mlima 24. Jumla mita 29.5, sema 30. Kilowati za maji hazifiki 10. Pampu nzuri ya ukubwa huu inafikisha asilimia 74 au zaidi, kwa hiyo shafti inataka 13. Mota ya kilowati 15 inatosha, umeme kama 14.

Ungenunua ile ya 22 niliyokushauri mwanzo, leo ungekuwa unaifungia valvu. Mzee, asante, nami nimejifunza kuuliza hilo kwanza.

Ukienda kwa wauza pampu, usiombe "pampu ya kilowati 15". Omba 120 kwa mita 30, na udai karatasi yenye mchoro wake, uone kwamba hapo ndipo ufanisi ulipo juu. Mtu akikwambia "chukua kubwa kidogo kwa usalama", huyo ndiye aliyewauzia ya kwanza. Na mruhusu achague yenye wea ringi zinazobadilishika, mto wenu una mchanga.

Umeme Ngamiani

Mota ya 15 mkitaka iwake taratibu, kiwashio cha stadelta kinatosha. Ya zamani usiiuze, iache iwe ya akiba, ila kila pampu iwe na valvu yake ya kuzuia maji kurudi, la sivyo mpya itasukuma maji kupitia ya zamani hadi mtoni. Na fungeni kimita cha uniti cha pampu peke yake, ni kitu cha bei ndogo. Usitegemee bili ya kiwanda kizima.

Fundi wa Korona, Muheza

Miezi mitatu imepita, natoa ripoti niliyowaahidi.

Bosi alikubali baada ya kumpeleka mtoni na kumwambia aweke kiganja kwenye ile valvu. Nilimwonyesha geji mbili, nikamwambia tofauti ya namba hizi ndiyo iliyo kwenye bili yako. Hakusema kitu, alisimama pale muda, kisha akauliza pampu ndogo itapatikana lini.

Tumefunga Jumamosi iliyopita. Kwa ule ufito wa mwanzi, maji yanapanda karibu sentimita 7 kwa dakika. Geji inasoma ba 2.6. Klampu mita, amp 25. Valvu iko wazi yote, gurudumu limegota mwisho, na ukiweka kiganja ni chuma baridi tu kilichotulia. Korona zimepiga zamu nzima bila kuziba. Kimita cha uniti kilisoma 142 kwa saa 10 za Jumatatu, na kwa siku 26 itakuwa 3,700 hivi. Kila mita ya ujazo imeshuka kutoka uniti 0.36 hadi 0.12.

Mzee, nimeweka daftari kibandani: tarehe, geji, amp, sentimita kwa dakika, kila Jumatatu asubuhi. Pampu ya zamani iko palepale kwenye msingi wake, vijana wanaizungusha kwa mkono kila wiki isigande. Masika yakianza mto utaleta mchanga. Nataka kujua ni amp ngapi au sentimita ngapi zikibadilika ndipo nifungue nyumba ya pampu nitazame wea ringi, nisisubiri mpaka ianze kulia.

Mzee wa Chumbageni

Amp usizitegemee, ringi zikilika zinaweza zisibadilike sana. Tazama ufito. Valvu ikiwa wazi yote na chujio safi, maji yakishuka kutoka 6.7 hadi 6 kwa dakika, fungua. Na chujio lisafishwe kila siku ya mvua, asubuhi kabla ya kuwasha.